Gego la Wifi Raheli

Eliza alipanda milimani Kwai akiwa bibi harusi, akitokea Mazinde, huko chini kwenye joto la mkonge. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito hata wapambe wakamkabidhi kwenye nyumba isiyo yake. Mwenye nyumba akala wali wa watu, akashukuru, ndipo akasema kwamba yeye mke anaye tayari. Aliyekuja kumkomboa ni Raheli, dada wa bwana harusi. Alimtazama anavyotetemeka ndani ya shela, akamwambia, "Wifi, hiki ndicho kiangazi chetu. Ikifika masika maziwa tunayakata kwa panga."

Ndivyo walivyoanza, kwa maneno ya wifi na wifi, na hayakukoma.

Raheli alikuwa na meno, na Kwai nzima iliyaheshimu kuliko ilivyomheshimu mwenyekiti wa kijiji. Alimenya muwa tangu shina hadi kilele bila kupumua. Kwenye harusi alifungua soda za meza kuu na za jikoni. Mwaka mmoja ndoo ilimkatikia mshikio mtoni, akaiuma ukingo, akaipandisha mlima ikiwa pomoni, bila tone kumwagika, huku akiitikia salamu za wapita njia. Aliitikiaje na ndoo mdomoni? Waulizwe walioitikiwa.

Yohane, mume wa Eliza, alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja, Alen. Raheli hakujaliwa mtoto. Alen alipofaulu, Raheli alimfungua mtamba wake mmoja tu zizini, akamtoa auzwe ili mtoto asome. Hakutaka ashukuriwe. Alisema, "Huyu ni wangu pia. Wewe ulimbeba tu."

Alen akasoma Morogoro, akatoka daktari wa mifugo. Hapo hapakuwa na taabu, maana Kwai ni ya ng'ombe wa maziwa, na daktari wa ng'ombe huku anapewa kiti mbele ya mchungaji. Taabu ilianza alipopata kazi Dar es Salaam, akamwita mama yake akamtembelee.

Kliniki ilikuwa ya mbwa na paka tu. Sakafu yake iling'aa kuliko madhabahu. Mezani alilazwa mbwa mweupe mwenye nywele za kuchana, kapigwa nusu kaputi, mpira wa pumzi kooni, dripu mguuni. Alen alikuwa anapitisha kwenye meno yake kichuma kilicholia kama mbu mnene, na ukoga uliogeuka jiwe ukawa unabanduka vipande vipande.

"Mama, sogea uone. Hili gego limeoza mzizi. Usaha ukiachwa hapo unaingia kwenye taya, na ukishaingia kwenye taya unakwenda unakotaka. Mbwa hawezi kusema linamuuma, ndiyo maana tunampiga picha ya meno."

"Mbwa anapigwa picha?"

"Ndiyo, mama."

"Na anacheka?"

Alen alicheka yeye. Akaling'oa lile gego kwa upole ambao Eliza hakuwahi kuuona ukitumika kwa mtu. Baadaye mwenye mbwa akaja, akamkumbatia, akambusu mdomoni. Eliza akageuka kutazama ukuta, kama anavyofanya mtu akikuta majirani wanagombana.

Njia nzima ya kurudi aliwaza. Mbwa wa Kwai wanafukuza nguruwe na ngedere shambani, wanalala nje kwenye ukungu, wanakula walichobakiza kuku. Akisema mtoto aliyesomeshwa kwa mtamba wa shangazi yake sasa anasugua meno ya mbwa, kicheko kitateremka hadi Mombo bila kuhitaji basi.

Jumapili, nje ya kanisa, Beatha mke wa mzee wa kanisa akamdaka. "Mama Alen, daktari wetu anatibu nini huko mjini?"

"Meno," akasema Eliza.

"Meno tu?"

"Meno tu. Wanaletwa kwa magari yenye viyoyozi."

Hakuongeza neno la uongo. Alikata mkia tu. Raheli akapaza sauti waumini wote wasikie: "Mmesikia? Mtamba wangu kawa daktari wa meno. Sasa mwenye meno mabovu aniheshimu."

Eliza angeweza kumsahihisha njiani wakirudi. Alijiambia atamsahihisha Jumapili ijayo. Jumapili ikaja, na Raheli akawa keshawaeleza hadi wanaopanga foleni ya mashine ya kusaga.

Gego la Raheli lilianza kuuma mvua za vuli zilipoingia. Alisukutua kwa maji ya chumvi, kisha kwa dengelua, ile pombe ya miwa, na kwa kuwa si vizuri kutema riziki, aliimeza. Uvimbe haukulewa. Shavu likajaa, likashuka chini ya taya. Harufu ya kinywa ikawa kali hata nyuki wa mzinga wa uani wakahama, na malkia wao akatangulia kafunika pua.

Hospitali ipo mjini Lushoto, na gari la kufika lipo. Eliza alijaribu mara moja, kwa kuzungukazunguka. "Wifi, si ungeshuka tu hospitali wakakupunguzia?"

"Nimfunulie kinywa mtoto wa watu, na mimi nina wangu? Watasema Alen kanikataa. Watasema kasomeshwa halafu katusahau. Mimi jino hili litang'olewa na mtamba wangu."

Kwa watu wa milima hiyo maneno hayo yana uzito. Shangazi hapelekwi nje kama mwana wa kaka yake ana kazi mkononi. Akipelekwa, ukoo umevuliwa nguo. Raheli alikuwa anailinda heshima ya Alen kwa taya lake mwenyewe, na Eliza aliliona hilo.

Akampigia Alen simu.

"Uvimbe uko wapi?" Alen akauliza. "Chini ya taya? Mgumu? Anafungua kinywa?"

"Kidogo. Uji tu ndiyo unapita."

"Mama, mpeleke leo. Usingoje kesho. Mbwa akiletwa hivyo mimi simrudishi nyumbani."

"Na ukija wewe?"

"Nije nifanye nini? Mimi nina ruhusa ya wanyama. Mwambie shangazi aende hospitali leo."

"Nitamwambia."

Alichuma plamu akatia kapuni ili asiende mikono mitupu, akateremka kijia cha mgombani kinachoshuka kwa Raheli, akilirudia neno moyoni kama mtoto anayetumwa dukani. Alen ni daktari wa mbwa na paka, wifi. Nenda hospitali. Maneno mepesi kabisa. Lakini uani kwa Raheli alimkuta Beatha na wanawake wengine wakiosha karoti za kupeleka sokoni, na wote wakaacha kuosha.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mwanangu anasemaje?"

Mikono yote ilitulia ndani ya maji. Beatha alikuwa ameinamisha kichwa upande, ule upande wake wa kusikilizia.

"Anakusalimia," akasema Eliza. "Anasema ujitahidi. Anakuja Krismasi."

Raheli akatabasamu kwa upande uliobaki mzima. Akachukua plamu moja, akaitazama, akairudisha kapuni. "Mle nyie. Mimi nitakula akishanitoa."

Tangu hapo Eliza aliteremka kijia hicho kila siku na lile neno, na kila siku alipanda nalo. Alikuta mtu, akaahirisha. Hakukuta mtu, akaona Raheli amelala, akaahirisha. Alijipa matumaini kuwa jipu litapasuka lenyewe. Alimwomba Mungu alipasue, akamweleza na upande wa kulipasulia. Alen alipopiga kuuliza, alimjibu, "Anaendelea vizuri," na Alen akaamini, kwa sababu ni mama yake.

Siku ya kufika Alen, ua wa Eliza ulikuwa umepangwa mabenchi kutoka kanisani. Si Raheli peke yake aliyemngoja. Mzee Paskali alikuja na shavu limefungwa kitambaa, kina mama wamekuja na watoto, na mtu mmoja asiye na jino hata moja alikuja kuuliza kama yanaota tena. Raheli alikaa mbele kabisa, na gauni lake la Ekaristi, kichwa kikitikisika kwa homa. Shingo ilikuwa imenenepa ikalingana na kichwa.

Alen alishuka kwenye gari na begi lake, akawaona, akasimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilimtoka kwa shida. "Toa koleo."

Alen alimgusa chini ya taya kwa ncha za vidole, akageuka kumtafuta mama yake. Eliza alikuwa mlangoni, kashika sinia la vikombe.

"Mama, hukumwambia?"

Eliza akaanza kuhesabu vikombe.

"Shangazi," Alen akasema, na kila mtu alisikia, "mimi ni daktari wa mbwa na paka. Nasafisha meno yao, nang'oa mabovu. Mtu siruhusiwi. Nilimwambia mama akupeleke hospitali siku ile ile aliyonipigia."

Ua ukanyamaza hata kuku wakasikika wakifikiri. Kisha Mzee Paskali akaanza kucheka, akacheka mpaka shavu likamuuma, akalia, na huku analia bado anacheka. Wengine wakamfuata. Beatha alicheka kiganja kikiwa mdomoni, jambo lililomfanya asikike zaidi.

Raheli hakucheka. Alimtazama Eliza, kisha akamrudia Alen na kufungua kinywa, upenyo mdogo uliowezekana.

"Basi nihesabu mbwa, mwanangu. Ning'oe."

"Siwezi, shangazi."

"Mbwa wa watu unawaweza."

"Hapa si jino tena. Limeingia shingoni. Twende."

Akambeba kama mtoto, akamwingiza kwenye gari lililomleta. Eliza akatupa sinia, akakimbilia khanga ya kujifunika, akafika mlango wa gari ungali wazi. Mkono wa Raheli ulitoka, ukaushika mlango.

"Wewe baki na wagonjwa wako," akasema, akaufunga.

Lushoto wakampokea na kumpeleka hospitali kubwa zaidi. Walipasua shingo, wakatoa na kipande cha taya ambacho usaha ulikuwa umeshakila. Alirudi karibu na Pasaka, uso umedidimia upande mmoja, na yale meno yaliyopandisha ndoo mlimani yamebaki machache, hayakutani. Kitu kigumu hatakila tena. Alen anapopata likizo anakaa kwa shangazi yake, anamwosha kidonda, anamchekesha. Kwa mama yake hulala tu. Mara moja alimuuliza, akiwa anafunga kamba za viatu, "Mama, ningekuwa mfagia barabara ungesema mimi ni nani?" Viatu vilipofungwa, akaondoka.

Kwai walishacheka wakachoka, wamepata habari nyingine. Wapo hata wanaomletea Alen mbwa wao awatazame meno, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Kila asubuhi Eliza anapika uji mwembamba wa ulezi, anauchuja kwa kitambaa, anautia kwenye chupa ya chai, anateremka kijia.

"Shikamoo, wifi."

Kwenye milima hiyo watu hugombania mpaka wa shamba vizazi na vizazi, na bado salamu huvuka mpaka huo asubuhi na jioni. Raheli huitikia, hupokea chupa, hufunga mlango. Eliza hasogei. Husimama ukutani, ukungu ukimlowesha mabega, akisikiliza kule ndani: funda, kimya kirefu cha kupangusa uji unaochuruzika kidevuni, kisha funda jingine.

Kuumaliza uji huo ni kazi. Chupa tupu ikishawekwa kizingitini, anaiokota.