Tuta la Wazee Katika Shamba Letu

Shamba letu la Kisaka lilikuwa na tuta la udongo lililozunguka kama uzio wa zizi, na nje yake handaki lililokwisha kujaa nusu. Baba alisema watu wa kale walichimba handaki lile na kurundika udongo wake kwa ndani, ili kuwakinga ng'ombe na watoto wao na wavamizi. Tulilima pande zote mpaka ukingoni, tukaishia hapo. Ndani tulichunga mbuzi tu. Na hatukuparamia tuta hata siku moja: tuliingia kwenye pengo lililokuwa mlango wa mji wa watu hao wa kale, na mgeni aliyekatiza juu ya tuta alirudishwa azunguke. Mimi niliona ni kupoteza muda, lakini nilizunguka.

Kisha ikaja miaka ya dhahabu. Vijana waliacha majembe wakakimbilia machimbo ya upande wa Tarime, na kaka yangu, mtoto wa kwanza wa baba, alikuwa mstari wa mbele. Alirudi na viatu vipya, na macho yake hayakubanduka kwenye lile handaki.

"Baba, hawa wazee walikuwa wanafuata mwamba wa dhahabu," alisema. "Nani ahangaike kuchimba hivi kwa ajili ya ng'ombe?"

"Wewe uliyekuzwa kwa maziwa ndiye unaniuliza hivyo?" Baba alimkazia macho. "Kwa ajili ya ng'ombe, ndiyo. Na udongo uliorundikwa kwa mikono haushiki. Usiuguse."

Baba alipolazwa hospitali ya Mugumu kupasuliwa ngiri, kaka alinijia asubuhi na sururu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na vile viatu vilinitoa udenda. Nilikubali, na hakunilazimisha. Tulizunguka mpaka mlangoni kama tulivyolelewa, tukaingia, ndipo akaanza kuchimba chini ya tuta kwa upande wa ndani. Mimi nilivuta viroba vya udongo kwa kamba. Hakuweka matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo. Alisema tutaweka tukishauona mwamba.

Siku ya tatu kamba ilikaza ghafla mikononi mwangu, nikasikia kishindo kidogo tu, kama cha gunia kuanguka. Tuta lilikuwa limeporomoka. Nilipiga yowe, majirani wakaja na majembe, tukafukua mpaka jua la utosi. Tulimtoa amekufa, mdomo umejaa udongo. Jirani mmoja aliyewahi kuchimba dhahabu aliuosha ule udongo wa viroba siku ileile. Hakukuwa na hata chembe. Nilimchukia kaka kwa kufa, nikajichukia mimi zaidi.

Baba aliletwa kesho yake, mshono haujapona. Nilimwambia "Shikamoo, baba," kwa sababu sikuwa na neno lingine. Alinipita. Alijikokota kuzunguka mpaka kwenye pengo, akaingia, akasimama pale tuta lilipokatika. Nilingoja anipige. Kwa kweli nilitamani anipige.

"Mlipita wapi kuingia?" aliuliza.

"Mlangoni, baba."

"Mlangoni." Alikaa chini, juu ya udongo uleule uliomuua mwanawe. "Kumbe mlijua ni nyumbani kwa watu."