Binti wa Mkuu wa Stesheni

Mzee Mizani hakuamini kitu asichokipima. Miaka thelathini na moja alikagua uzito wa miche ya sabuni kiwandani, na tangu astaafu, hata kilo ya sukari ikitoka dukani lazima ipande mizani yake kwanza. Mwenye duka alishachoka kukasirika.

Sasa alikuwa amewageukia watu wa vitabu. Ile tamthilia ya zamani, Stesheni ya Ukungu, ambayo mashabiki wake wachache waliipenda mpaka wakaonekana wamerukwa na akili, haikurudiwa tena kwenye televisheni, na kanda zake zilishapotea. Ghafla akazuka mwandishi anaigeuza riwaya, kitabu kimoja kwa kila msimu.

"Mh! Huyu alikuwa wapi siku zote?" Mzee akauliza, huku akichonga penseli nyekundu.

Ushahidi alikuwa nao: daftari lenye kila kipindi. Misimu miwili ya kwanza aliitazama mwenyewe. Wa tatu ulimkuta zamu ya jioni kila Alhamisi, kwa hiyo mkewe alitazama, akamsimulia asubuhi wakinywa chai, naye akaandika yote.

Kitabu cha kwanza kilipita. Cha pili kilibadilisha rangi ya koti la mkuu wa stesheni, akakisamehe shingo upande. Cha tatu, lahaula! Binti mdogo wa mkuu wa stesheni, yule aliyeugua homa, mwandishi kamuua sura ya nne! Daftari lilisema mtoto alipona, akafungwa nywele kwa utepe wa njano, akaanza shule, akajifunza kuiga honi ya treni.

"Muongo mkubwa! Jumamosi namvua nguo mbele za watu."

Maana Jumamosi mwandishi mwenyewe alikuwa anakuja maktaba kuzungumza na wasomaji.

Tangu hapo nyumba ikaanza vituko. Miwani ya Mzee ilipotea, ikaonekana ndani ya kopo la unga. Chai ikalimwagikia daftari. Jumamosi yenyewe, shati lake jeupe likakutwa kwenye beseni, limelowa chapachapa. Mzee akamtazama mkewe kwa jicho la pembe. Mwanamke huyu hajawahi kumwaga hata maji. Au mwandishi kamhonga?

"Bibie, unanificha kitu."

"Nikufiche nini, mtu mzima na akili zangu?"

"Miwani haina miguu."

Mkewe akaketi, akafuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu.

"Usiende kuaibika, mume wangu. Kitabu hakijakosea. Yule mtoto alikufa. Nilimwona kwa macho yangu."

"Na haya?" Akaligonga daftari. "Msimu mzima unanidanganya? Mimi?"

"Tulikuwa na wiki tatu tangu tumzike wetu," mkewe akasema. "Huli, husemi. Asubuhi ile ukafungua mdomo mara ya kwanza, ukaniuliza yule mtoto wa stesheni anaendeleaje. Ningekujibu nini?"

Mzee akafungua daftari. Utepe wa njano. Upo mpaka leo kwenye droo ya kabati, wa binti yao aliyeishi miaka minne. Sabuni, sukari, nyama, vyote alivipima, na hili likapita mbele ya macho yake kila Ijumaa asubuhi. Aliona aibu, kisha akalia, wala hakujificha.

Baadaye akachukua ufutio, akafuta alama zote nyekundu alizochora kwenye sura ya nne ya kitabu. Pembeni akaandika: sahihi.

Halafu akafungua ukurasa mtupu wa daftari, akavaa miwani yake yenye vumbi la unga.

"Uliniachia pale anapoingia darasa la pili," akasema. "Ikawaje?"

Mkewe alimtazama kwanza, kuhakikisha kwamba hatanii. Kisha akasogeza kiti.

"Darasa la tatu akaanza kubishana na walimu," akasema. "Kama baba yake."