Mama Mkwe na Makato ya Kila Mwezi

Nikiwa kwenye foleni ya benki, nilimsikia mfanyabiashara mmoja wa Kaloleni akiomba malipo yote yanayokatwa yenyewe kwenye akaunti yake yasitishwe. Wakili wake, aliyekuwa akiomba mahakama imtangaze muflisi, ndiye aliyemwandikia barua ya kuyasitisha.

"Hata haya yanayokwenda kwa mama mkwe, Usa River?" aliuliza karani.

Mfanyabiashara akajifuta jasho. "Hayo acha, dada. Mahakama itanitangaza baadaye, yeye atanitangaza leo."

"Wakili ameandika yote. Mpigie kwanza."

Akapiga, akaeleza kwa sauti ya chini. Jibu tulilisikia foleni nzima: "Kumbe ni wewe, baba? Kila mwezi naishukuru serikali, nikidhani ni pensheni ya marehemu! Sitisha, uje uchukue ndizi."

Karani akabonyeza kitufe cha kusitisha huku akicheka. Malipo yanayokatwa yenyewe hayakosei tarehe, ila hayajui kusema shikamoo.