Wimbo Uliomtaja Bibi Minza kwa Macho Yake

Harufu ya michembe ikichemka hunirudisha mwaka ule tuliokula viazi hivyo vikavu asubuhi na jioni, bila maziwa wala karanga, mpaka mbwa akawa anageuza uso. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti. Pamba tu ndiyo iliyovumilia, na ushirika haukuwa tena peke yake kununua. Wanunuzi wapya walikuja na malori, malori yakaja na spika, na spika zikaja na wimbo.

Ulikuwa mtamu, sitawadanganya. Manju aliyeutunga alipita sehemu zote. Nassa aliisifia samaki, Binza akaitania kwa wanaume wanaochana nywele kuliko wake zao. Alipofika kijijini kwetu akaimba kwamba mvua imefungwa chunguni na ajuza mwenye macho mekundu.

Kwetu ajuza mwenye macho hayo alikuwa mmoja: bibi yangu Minza, aliyenilea. Siku hizo mwanamke mzee akishasemwa hivyo, mapanga hayakuwa mbali. Ng'ambo ya mto walikuwa wameshamzika mmoja.

Tukakaa siku moja barazani kwetu kuchambua pamba, safi kapu hili, fifi yenye madoa kapu lile. Kazi hiyo haiendi bila wimbo. Jirani yetu Holo, mdomo wake hauna mlango, akaniita, "Kabula, wewe mwenye koo, tuanzishie ule wa kwenye lori!"

Bibi alikuwa ameketi hapo hapo. Nikaona wanawake wanatazamana.

"Siimbi. Hata mnichape, siimbi."

"Yuu! Katoto kana kiburi haka! Si wimbo tu?"

"Mwache ng'wanone, mwanangu huyu," Bibi akasema. "Nimetajwa mimi, nitajibu mimi."

Kwetu anayetajwa kwenye wimbo hujibu kwa wimbo, mbele ya watu. Akinyamaza, amekubali. Bibi akaimba kwa sauti kavu kama maganda ya karanga: macho haya ni ya moshi wa kinyesi cha ng'ombe, nimewapulizia moto tangu mko matitini, Holo, uji wa uzazi wako nani alikupikia?

Nikawaza, wakikataa kuitikia, tumekwisha. Holo ndiye aliyeanza, huku anajifuta pua kwa kanga, kisha baraza zima likaitikia. Kufikia mwisho wa msimu wa pamba, watoto wachunga ng'ombe walikuwa wanaimba jibu la Bibi, na wa kwenye lori wameusahau.

Mimi nilidhani Bibi haogopi kitu. Jioni nikamwaga kapu lake la safi: nusu lilikuwa fifi. Mwanamke aliyechambua pamba tangu usichana, mikono yake ilikuwa haioni! Nilidhani ni uzee. Niliishia darasa la pili, lakini hilo nilikuja kulielewa nikiwa na nyumba yangu na moshi wangu: siku ile alikuwa anaomba uhai wake kwa majirani, na kuomba alikuwa hakujui.

Sasa mjukuu wangu wa Somanda, anayerekodi nyimbo, fundi kweli kweli, kachukua hili jibu la Bibi. Anataka na ule wa manju, eti kiitikio kinachezeka.

"Bibi, kidogo tu. Watu wamesahau."

Macho yangu siku hizi ni mekundu. Nikamwambia nilivyomwambia Holo:

"Siimbi. Hata mnichape, siimbi."