Nilitafuta ukoo ya babu yangu mwenye kuchimba dhahabu, nikamukuta baba mukwe ndani

Wakuu, salamu kutoka Butembo, commune ya Mususa. Miaka mingi nasoma nyuzi za batu hapa bila kuandika kitu. Leo nimejikaza.

Nitasema kweli tupu. Na pahali mutaona kweli inapinda, mujue hapana mimi naipinda. Ni mimi mwenyewe sijui iko wapi.

Kiswahili yangu ni ya Congo, musinicheke. Kwetu "bibi" ni muke ya mutu. Mama ya baba sisi Banande tunamuita Mukaka. Mushike hiyo neno, sababu uzi yote inamuzunguka yeye.

Kwanza niwaeleze majina, bila hiyo mutapotea.

Kwetu mutoto hachaguliwe jina, anazaliwa nayo. Kijana wa kwanza wa mama ni Paluku. Wa pili Kambale. Wa tatu Kasereka. Wa nne Kakule, ndiye mimi. Wa tano Katembo. Inahesabiwa kwa tumbo ya mama, hapana kwa baba. Na mutoto akifa, anaenda na namba yake. Mwenye kumufuata hapana kuirudilia.

Donc ukinambia jina yako, nimeshajua mama yako alizaa bavijana ngapi mbele yako. Jina yetu ni hesabu.

Sasa Papa yangu anaitwa Kasereka. Wa tatu. Lakini alikomaa peke yake kule Masereka, kijiji yetu ya mulima, bila kaka, bila dada. Paluku iko wapi? Kambale iko wapi? Tukiuliza, tunaambiwa "balikufa ku mine", ni machimbo, na Mukaka anabeba jembe anatoka. Basi tuliacha kuuliza.

Hii ndio tulikuwa tunajua juu ya babu na Mukaka, hakuna ingine:

Babu, Katembo, alichukuliwa kijana kabisa kwenda kuchimba dhahabu ya Babeleji kule Ituri. Mukaka akamufuata. Yeye anachimba chini, Mukaka analima maharagi pembeni ya camp. Wakarudia Masereka kwa miguu, majuma nzima ku njia, na mutoto mumoja mu mugongo (Papa yangu) na kifuko ya mbegu ya viazi. Babu akakufa mapema, kifua ilikuwa imejaa mavumbi. Mukaka akabakia na viazi yake, na poireaux, mboga kama kitunguu, na mudomo imefungwa.

Bon. Tuje ku vita.

Ni vita ya pili, ile yenye huku kwetu tulikuwa na serikali ya waasi, na serikali ingine Kinshasa. Mimi nilikuwa menuisier, natengeneza milango. Milango ilikuwa inauzwa sana, sababu kila juma kuko mwenye mulango yake imevunjwa na batu ya bunduki.

Nikaenda Beni kufunga milango kwa muchuuzi moja, ndipo nikamuona Kavira. Sitaeleza mengi, iko karibu na mimi hapa anasoma ninachoandika. Niseme tu ule mulango ya mwisho ilinikamata siku ine kuifunga.

Tukakubaliana. Nikamuambia Papa, Papa akakusanya bazee, tukapanda mu camion tukaenda Beni na mbuzi za kuanzia mazungumuzo.

Kwetu mbele ya mbuzi kupokelewa, baba wawili banakaa, banahesabu bazazi: huyu alizaliwa na nani, wapi, kilima gani. Ni kwa kuogopa ndugu kuoana. Hiyo kwetu ni makosa kubwa sana, hakuna mbuzi inaweza kuifunika.

Baba ya Kavira, Mzee Paluku, alikuwa mutu ya upole, fundi ya nguo. Akasema: "Mimi sina mengi ya kuhesabu. Nilikomaa kwa bamasista kule Ituri. Mama sikumujua. Niko na hii tu."

Akatosha karte ya ubatizo, ya zamani, imekunjwa mpaka imekuwa kama kitambaa. Imeandikwa: Paluku, baba yake Katembo, mufanyakazi ya mine, mutu ya Masereka.

Wakuu, nilimuona Papa anaisoma. Anaisoma tena. Halafu akasimama, akaangusha kiti, akamukamata ule mzee kwa shingo: "Yaya! Yaya yangu!"

Yaya ni kaka mukubwa.

Miaka yote ile Papa alikuwa Kasereka bila Paluku. Alikuwa kama mutu mwenye kuhesabu akianzia tatu. Sasa moja imepatikana, iko mbele yake, inashona nguo. Banalia, banacheka, bazee banapiga makofi, kasiksi, pombe ya ndizi, inamwangwa chini ya kushukuru.

Mimi niko nimekaa. Naangalia Kavira ku mulango ya jikoni na sahani mukononi. Sote wawili tulifanya hesabu wakati moja. Kama Papa zetu ni bandugu tumbo moja, basi mimi na yeye ni nini?

Aliweka ile sahani chini pole pole, akaingia ndani. Mbuzi zetu balizifungua, tukarudia nazo Butembo. Mumeshaona mutu anatoka kuoa na mbuzi zake nyuma? Batoto ya Mususa walinishangilia njia nzima.

Nilikuwa na hasira, sifichi. Papa amepata kaka, mimi nimepoteza bibi, na nilipaswa kufurahi!

Juma yenye ilifuata nikarudia Beni peke yangu, ku bureau ya état civil, kwenye banaandika wenye kuzaliwa. Nikamukuta agent moja, mutu ya Kasai, serikali ilimutuma huku zamani halafu vita ikamufungia njia ya kurudi. Nikamueleza. Akacheka mpaka akatosha miwani.

"Petit, kuja uone." Akafungua kitabu, kile panya haikumaliza. "Paluku, fils de Katembo, mutoto ya Katembo. Huyu hapa tena, Paluku, fils de Katembo. Na huyu. Nyinyi Banande munanichosha! Kila baba mwenye kuwa wa tano ni Katembo, kila mutoto wa kwanza ni Paluku. Mumeona shimo mu famille yenu, mukachukua Paluku wa kwanza kupita njiani, mukamutia ndani!"

Hapo ndipo nilianza kupumua. Mais hapo hapo nikachanganyikiwa zaidi. Sababu Katembo wa Masereka, mwenye kuwa ku mine, miaka ile... batakuwa wangapi?

Ule agent akaniambia: "Karatasi hapana kukusaidia. Mama ya baba yako iko muzima? Basi unafanya nini hapa?"

Njia ya Masereka ilikuwa mbaya siku zile, ndiyo maana tulikuwa hatuendi. Lakini tukaenda, watatu: Papa, Mzee Paluku, na mimi. Nilibeba samaki ya Kyavinyonge, kule ku ziwa, Mukaka aliipenda sana.

Ku barrière ya kwanza, kizuizi ya batu ya bunduki, soda (askari) moja kijana, mutu ya mbali, akatusimamisha. Kilingala tu. "Bino misato, bozali nini?" Nyinyi watatu muko nini?

Papa: "Yaya na ngai." Ni kaka yangu.

Mimi, wakati ile ile: "Bokilo." Ni mukwe.

Mzee Paluku akaangalia karte yake. Soda akamuangalia. "Na wewe?"

"Mwanangu, mimi ndiyo naenda kuuliza."

Alituita waongo, akatukalisha chini ya jua mpaka saa kumi. Sijamulaumu. Hata mimi ningetufunga. Samaki mbili zilibakia pale.

Tulimukuta Mukaka mu shamba ya viazi. Papa akaanza kusema mbio mbio, karte, mine, bamasista, Paluku, ndoa yangu yenye ilisimama. Mukaka akasogea karibu. Alimuangalia ule mzee, uso, masikio, vidole. Halafu akamupa jembe.

"Maliza ile mustari."

Mutu amevaa koti nzuri ya safari! Akaivua, akalima. Alikuwa anashika jembe kwa mukono ya kushoto mbele. Papa akanikamata mukono kwa nguvu. Sikujua sababu. Alinambia kisha: babu alikuwa analima vile.

(Musinivamie. Najua batu ya mukono ya kushoto wako wengi. Nilishajiambia hiyo mara mia.)

Tukakula samaki. Mukaka akamuuliza Mzee Paluku juu ya batoto yake. Akamutaja Kavira kati yao. Mukaka akanigeukia: "Ndiye huyu unataka?"

Nikasema, ndiyo Mukaka.

"Na yeye anakutaka?"

Ndiyo.

Akaenda kulala. Asubui, chai ikiwa ku moto, akasema, na anaangalia moto tu:

"Mimi Paluku yangu na Kambale yangu nilizika kule ku mine. Ugonjwa ya madoadoa iliingia camp, ikamaliza batoto. Niliwafunga mu kikwembe moja. Nilichimba mimi mwenyewe, sababu baba yao alikuwa chini anachimbia Mzungu. Huyu hapana mutoto yangu. Muende mufanye ndoa."

Papa alilia kama mutoto. Ile kaka yake ilidumu majuma tatu tu.

Lakini mwenye alinivunja moyo ni Mzee Paluku. Yeye hakulia. Akapiga magoti, akasema: "Mama, nimeelewa. Lakini naomba niwe nakuja kulima."

Mukaka akamujibu: "Shamba hapana kukataza mutu."

Ndoa ikafanyika. Mbuzi zikapanda tena camion, zilishakuwa zinajua njia. Mzee Paluku kila wakati ya kupanda viazi alitoka Beni kwenda Masereka kulima, vita au hapana vita. Papa anamuambia njia iko mbaya, yeye anaondoka tu. Analima siku mbili, tatu, anakula kwa Mukaka, anarudi ku cherehani yake. Tukaona ni upole yake tu.

Vita ikapita, zikakuja zingine, munajua habari yetu. Mukaka akachoka. Akakufa mu kitanda yake, hiyo kwetu ni neema.

Sasa, katika ukoo yetu, mutoto wa kwanza wa kiume ndiye anatupa udongo ya kwanza mu kaburi ya mama. Kama hayuko, mwenye kumufuata. Papa alikuwa tayari na udongo mukononi.

Muzee ya kilima akamusimamisha. Akasema Mukaka alimuachia neno, na alimuapisha asiseme mbele ya siku hiyo:

"Udongo ya kwanza itupwe na Paluku wa Beni. Kasereka afuate."

Wakuu. Papa aliangalia mukono yake na ile udongo, akasogea pembeni. Mzee Paluku akatembea mpaka ku kaburi, akatupa. Kwa mukono ya kushoto.

Kavira alikuwa karibu yangu na batoto yetu bane. Hatukuangaliana.

Toka siku ile nahesabu, kichwa inazunguka. Labda alimushukuru tu mutu mwenye alimulimia miaka yote ile bila kulipwa. Hiyo inawezekana, hata haki iko hivyo. Ao labda kule camp kulikuwa mutoto moja mugonjwa, na mama na mugongo moja tu, na bamasista walisema muache hapa. Na siku tulimuletea huyo mutoto amekuwa mzee, kulikuwa kijana mwingine karibu, mimi, anamuomba bibi. Ikabidi achague tena.

Sijui. Wallahi sijui, na Papa naye alikufa bila kujua.

Mwaka jana nikaamua kwenda kule Ituri kutafuta ile camp ya zamani. Niliambiwa makaburi ya batoto bado iko na mawe, jiwe moja kwa kila mutoto. Nilipanga sac. Kavira akakaa ku kitanda, akaniangalia nakunja mashati, akauliza:

"Ukikuta kaburi yenye batoto wawili, utafanya nini?"

Nikasema, nitarudi na amani.

"Na ukikuta yenye mutoto mumoja?"

Nje batoto balikuwa banagombania mupira. Mukubwa, Paluku yetu, alikuwa anahesabu magoli kwa sauti.

Nilitosha mashati moja moja, nikayarudisha mu kabati.

Funzo yangu ni hii: uliza bazee mapema, lakini ujue pia mzee akifunga mudomo, hapana kila mara anaficha kitu yake. Mara ingine anakufichia wewe.

Haya, mimi nimetua mzigo. Mwenye ako na bibi na batoto, mwenye anahesabu ukoo yake na kukuta namba moja inapungua, aniambie: ungeenda, ao ungebakia? Museme polepole, Kavira anasoma. Wasingya, ndiyo asante ya kwetu.