Kompyuta Ndani ya Eda

Mume wangu alikufa kwa homa ya siku chache, akaniachia binti wa miaka mitatu, mama yake mzazi, na kompyuta. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonitia hofu zaidi, ingawa mama mkwe hakuwa mbali nayo.

Tulikaa ghorofani Mji wa Kale, mahali ambapo jirani wa ng'ambo akinyoosha mkono na wewe ukinyoosha wako mwapeana chumvi dirishani. Miaka ya tisini ilikuwa imefika kati, na kompyuta katika nyumba ya mtu ilikuwa jambo la kuja kutazamwa. Hii yetu ilikuwa kuukuu. Mume wangu aliipata katika ofisi ya uwakala wa mizigo alikofanya kazi, kule Kilindini, walipoleta mpya. Akaitua chumbani mwetu juu ya meza ya cherehani yangu, bila kuniuliza, na kila baada ya chakula cha usiku akawa ananifundisha BASIC.

"Kompyuta haikosei," alikuwa akisema nikikwama. "Mwenye kukosea ni wewe."

Nilimpenda, Mungu amrehemu, lakini kwa neno hilo mara nyingi nilitamani kumpiga mwiko.

Kwa asiyeijua, BASIC ni lugha ya kuiamrisha mashine. Waandika amri mstari kwa mstari, kila mstari una namba yake, na mashine husoma kutoka juu kushuka chini. Ikikuta isiloliweza husimama, ikalia pii, ikaandika kwa Kiingereza kosa ni lipi na liko mstari upi. Mlio ule ulinishtua hata mume wangu akiwa ubavuni. Alipokwisha kuzikwa ukawa unanitoa jasho.

Nikakaa eda. Kizuka, ndivyo tumwitavyo mjane wa eda, kwa miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani jamaa asiyeweza kumwoa. Wazee wetu wakaongeza na yao, kwamba kizuka hajitazami kiooni. Mama mkwe alizunguka nyumba nzima akifunika vioo, na alipofika kwenye kompyuta akasita, maana ikizimwa uso wake ulikuwa mweusi na mtu alijiona vizuri kabisa. Akaivisha kanga.

"Ikiwaka haina neno," alisema. "Ikizimika ifinike, mwanangu. Sitaki maneno ya watu mie."

Katika mwezi wa pili alinijia mwanamke mmoja, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana pale kisiwani kwetu. Alinipa pole, akangoja wanawake wengine waondoke, kisha akanieleza shida yake. Mume wangu alikuwa amekubali kuacha ofisi akafundishe kompyuta shuleni kwake, na kazi ya kwanza aliyoahidi ilikuwa programu ya kupanga alama za wanafunzi, wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Aliniambia anakufundisha na wewe," alisema. "Naweza kuishika nafasi hii mpaka eda yako iishe, zaidi ya hapo siwezi. Utaiweza kazi?"

"Nitaiweza," nikajibu.

Nilijibu kwa hofu, si kwa ujuzi. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshatuma habari kutoka Malindi kwamba nikitoka eda atakuja kunichukua, na kwamba yuko mtu mwema, mwenye duka, aliyefiwa na mkewe. Kaka yangu si mtu mbaya. Lakini nilijua kwamba nikiwa sina kazi ya kumwonyesha, sitakuwa na la kusema. Nitapanda gari na mwanangu, mama mkwe abaki peke yake na vioo vyake, na maisha yangu yapangwe na watu wanaonitakia heri. Niliogopa sana heri ile.

Mwalimu mkuu aliniachia karatasi ya majina na alama za darasa moja, wasichana thelathini na kitu. Niwapange, basi.

Programu yenyewe mume wangu alikuwa ameiandika, nami niliikuta kwenye disketi. Alikuwa ameijaribu kwa majina ya watu wetu kumi, mashangazi, binamu, binti yetu, hata mama yake. Nikaiendesha nikiwa nimeshika tasbihi mkono mmoja. Ikawapanga wote sawasawa, na mama mkwe akawa wa kwanza katika hesabu. Nikamwita aone.

"Na Kizungu?" akauliza.

"Kumi na mbili kwa mia."

"Mrongo huyo! Mie na Kizungu wapi na wapi? Hizo kumi na mbili nimezitoa wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba, na tulipomaliza kucheka tukalia.

Kesho yake nikawaondoa watu wetu, nikaandika wasichana wa shule. Mashine ikalia pii, ikasimama, ikasema *Subscript out of range*, mstari wa sitini. Kamusi yetu ilinifasiria neno moja moja, na nilipoyakusanya hayakuwa na maana yoyote. Nikaandika wasichana wachache tu, wakapita. Nikawaongeza mmoja mmoja. Kumi walipita salama, wa kumi na moja mashine ikamkataa.

Nikamshuku msichana. Jina lake lilikuwa refu, nikalifupisha. Ikalia. Nikamtoa, nikamweka mwenzake. Ikalia. Nikamweka mama mkwe, ambaye jana yake alipokewa kwa heshima zote, na yeye pia akakataliwa. Siku baada ya siku nilikaa mbele ya kitu kile, nikiwa na hakika kwamba niliharibu kitu nilipogusa kazi ya mtu aliyeijua. Jirani wa ng'ambo akaanza kuuliza dirishani ni kizuka gani huyo apigaye pii pii kutwa. Mama mkwe akafunga dirisha, nikazidi kutokwa jasho.

Kisha likatokea kubwa zaidi. Nilitaka kuuona mstari wa sabini. Nikaandika sabini, nikabonyeza, nikaita orodha ya amri zote nisome. Mstari wa sabini haukuwapo. Sikujua kwamba katika lugha ile, ukiandika namba peke yake ukabonyeza, umeamuru mstari huo ufutwe. Nilijua tu kwamba mume wangu aliandika kitu kwa mkono wake na mimi nimekifuta. Nilidhani nimemzika mara ya pili. Nilishindwa hata kumwita mama mkwe. Ilinichukua muda mrefu kukumbuka kwamba nakala iko kwenye disketi, na muda mrefu zaidi kupata ujasiri wa kuiita. Ilirudi pamoja na sabini yake. Sikuigusa tena kwa siku mbili.

Ikabidi nimtafute mwenye kujua. Alikuwa rafiki wa mume wangu, Mkristo mtu wa bara, aliyefundisha kompyuta katika chuo kimoja Mbaraki. Mama mkwe alifikiri tangu asubuhi hadi adhuhuri.

"Kwa haja, mke hunena," akaamua mwisho. "Lakini pazia liweko, na mie niweko."

Akavaa buibui akamfuata mwenyewe.

Yule bwana alikuja jioni akapiga hodi mara tatu, na kwa kuzidisha adabu akakaa ukumbini akiwa amelipa pazia mgongo. Mama mkwe akakaa kati na sinia lake la mchele, akichagua mawe. Mimi nilikuwa chumbani mbele ya kompyuta. Yeye hawezi kuiona mashine, mimi siwezi kumwona yeye.

"Pole sana, shemeji," alisema. "Basi nisomee. Mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, usiruke hata nukta."

Nikasoma. Nilianza upya mara kadhaa. Nilipomaliza akauliza.

"Hakuna mstari wa DIM?"

"DIM ni nini, shemeji?"

"Ni kuiambia mashine itenge nafasi ngapi. Usipoiambia, yenyewe hutenga za kumi tu. Wa kumi na moja hana pa kukaa."

Nikauliza, "Sasa mimi niliharibu wapi?"

"Hukuharibu kitu. Mstari huo haukuwapo tangu mwanzo."

"Marehemu aliufuta?"

Nikasikia kiti kikilia. Mama mkwe aliacha kuchagua mchele.

"Shemeji," alisema polepole, "marehemu alikuwa hajafika hapo. Alikuwa anakuja kwangu akitoka kazini, mara moja kwa wiki. Nilikuwa namfundisha somo, na yeye analeta nyumbani. Siku zingine aliniambia, nipe na la mbele kidogo, mke wangu anauliza sana."

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, mama mkwe akasimama kutawadha, na mgeni akaaga mlangoni.

Nilibaki na ile DIM. Kwa kuwa kosa lilikuwa mstari wa sitini, niliitia dawa hapo hapo karibu, mstari wa sitini na tano, nafasi za watu hamsini. Nikaendesha. Pii. Kosa jipya, na safari hii hata msichana wa pili hakufika. Mashine ilisema nimeagiza kitu kile kile mara mbili.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Hofu zote za nyuma zilikuwa za mtu anayefuata, anayechelea kukanyaga vibaya nyuma ya mwenzake. Sasa nilijua mbele yangu hapakuwa na mtu. Nilimkasirikia mume wangu, nikamhurumia, nikamkasirikia tena. Mwenye kukosea ni wewe! Na wewe je, bwana?

Hasira ilinisaidia kukaa. Nikajiuliza, nimeagiza mara moja tu, nani mwengine aliyeagiza? Nikakumbuka maneno ya nyuma ya pazia, kwamba usipoiambia, yenyewe hutenga kumi. Basi ilipomwona msichana wa kwanza ilikuwa imeshamtengea, na mimi nakuja nyuma yake na amri yangu. Mikeka ya hitima hutandikwa kabla wageni hawajapanda ngazi. Nikaifuta sitini na tano kwa kukusudia, nikaandika amri ile ile juu kabisa, mbele ya mistari yote.

Wasichana wote walipita, wa kwanza mpaka wa mwisho.

Eda ilipokwisha nilikwenda shuleni kabla kaka hajafika, disketi ndani ya mkoba. Jua lilinichoma macho na kila mtu njiani nilimwona ananitazama. Mwalimu mkuu aliiendesha programu kwenye mashine ya shule, akalinganisha majina na karatasi yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaniuliza lile nililokuwa nimeliandalia jibu usiku kucha.

"Na wasichana wakikuuliza usilolijua?"

Jibu lilinitoka kichwani lote. Nikamwona kaka yangu, nikaliona duka la Malindi.

"Nitakuwa mbele yao kwa somo moja tu, mwalimu," nikasema. "Na siku nyingine hata hilo moja sitakuwa nalo. Naogopa."

Nilijua nimeshaikosa kazi. Akafungua mtoto wa meza na kutoa ufunguo.

"Mumeo alikaa kwenye kiti hicho hicho," alisema, "akaniambia maneno hayo hayo. Ndiyo sababu nilimtaka. Darasa la kwanza ni Jumatatu."

Niliupokea ufunguo, nikashukuru, nikatoka. Kutoka shuleni mpaka nyumbani sikuwaza mshahara, wala kaka, wala wasichana wanaoningoja. Nilimwaza mume wangu akimwambia mwanamke mgeni kwamba anaogopa. Miaka sita tulilala kitanda kimoja, na mimi hakupata kuniambia.