Marahaba ya Kila Gunia

Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi simu iliita. Alikuwa mama anayepima mboga pale Soni.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Jana tumepakia magunia arobaini na moja ya karoti. Mnunuzi anasema ameyaona kumi na tisa. Mengine umeyala wewe?"

Programu iliyompelekea mnunuzi uzito wa kila gunia niliiandika mimi, hapa Lushoto, baada ya miaka mingi ya kujifunza peke yangu. Mahali ambapo programu yetu na ya mnunuzi zilikutana tulipaita mlango. Niliupa amri moja tu: tuma gunia, subiri jibu, ndipo utume jingine. Mtandao ukikatika, gunia lisilojibiwa hutumwa tena. Mgeni angeielewa kwa dakika tano. Ilikuwa ya polepole, nami nilijua.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ndiye aliyemhudumia mnunuzi kwenye programu hiyo. Kazi hiyo nilimfundisha mezani kwangu, Jumapili baada ya ibada.

"Shemeji, mlango wako una adabu mno," alinitania. "Kila gunia linatoa shikamoo, linasimama mpaka liitikiwe. Lori litafika Mombo, huku bado yanaamkiana."

Nilicheka. Kisha nikaandika amri ya pili, ya kutuma magunia yote kwa mkupuo bila kusubiri jibu, ili sisi wawili tupime kasi. Sikuiweka kwenye maelezo ya programu.

"Hii haitoki humu ndani," nilimwambia.

"Humu humu, shemeji."

Asubuhi ile nilikagua kumbukumbu za programu. Kwa mara ya kwanza, magunia yote ya jana yalikuwa yametumwa kwa amri ya pili. Mtandao ulikatika katikati, na hakuna aliyengoja jibu. Nikampigia shemeji.

"Mnunuzi alilalamikia kasi," alisema. "Nikamwekea ile amri nyingine."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba ya polepole ni yako. Ya kasi nimeiandika mimi."

Mnunuzi alitaka karatasi ya mizani ndipo alipe yaliyopungua. Karatasi haikuwepo. Mimi ndiye niliyemwambia yule mama aache daftari, kwa kuwa programu haisahau. Nilishuka Soni nikawaeleza wenye karoti, mmoja mmoja. Hakuna aliyepandisha sauti. Mama alituma mtu dukani akanunuliwa daftari jipya, akaanza kuandika nikiwa nimesimama palepale.

Amri ya pili nimeifuta. Shemeji bado huja Jumapili na kuniamkia. Naitikia marahaba, kisha tunazungumzia mvua. Hajawahi kuniuliza nani aliwalipa wakulima. Yalikuwa magunia ishirini na mawili, kila moja elfu thelathini na tano. Nililipa mimi, shilingi laki saba na sabini elfu.